Waingereza na Waholanzi wa karne ya 17: kwa nini walilowea Virginia, Manhattan na Rasi ya Tumaini Jema, wakaipita pwani yetu?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum, wanajukwaa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza jambo ambalo vitabu tulivyo navyo shuleni hulijibu nusunusu, nami nimeona nililete hapa kwa kuwa najua wapo miongoni mwenu waliolichimba.

Wareno twawajua vyema. Walifika Malindi mwaka 1498, wakaacha nguzo ambayo watalii huipiga picha hadi leo. Mwaka 1589 walimuua mfalme wa Lamu kwa kuwaunga mkono Waturuki. Na kuanzia 1593 wakajenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Muda si mrefu baada ya hapo Waingereza na Waholanzi nao wakaingia baharini kwa kishindo. Kampuni ya Kiingereza ya East India ilipewa hati yake tarehe 31 Desemba 1600, ile ya Waholanzi, VOC, ikaundwa 1602, Jamestown kule Virginia ikaanzishwa 1607, Batavia (Jakarta ya leo, kisiwani Java) 1619, Manhattan (ndani ya New York ya leo) katika miaka ya 1620, na Rasi ya Tumaini Jema 1652. Merikebu zao zilizokwenda India na visiwa vya viungo zilipitia bahari hii hii yetu.

Basi maswali ni mawili. Kwa nini hawakulowea huku kwetu zama hizo, wakangoja zaidi ya miaka 200? Na kwa nini makoloni ya Kiingereza kule Marekani yalijaa watu upesi, ilhali ya Waholanzi, ambao walikuwa na fedha nyingi zaidi na merikebu nyingi zaidi, yalibaki na watu wachache?

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Wa alaykum salaam, mwalimu mwenzangu. Niruhusu nianze na swali lako la pili, maana likishaeleweka hilo, la kwanza litakuwa jepesi.

Wanafunzi waondoe kwanza ile picha ya mfalme anayetuma jeshi kwenda kuteka nchi. Karne ya 17 ilipoanza, mfalme wa Uingereza hakuwa na fedha za kazi hiyo, na Uholanzi haikuwa na mfalme hata mmoja. Ilikuwa muungano wa majimbo saba yaliyokuwa bado vitani na Hispania. Watawala walichotoa ni hati iliyoipa kampuni ya wafanyabiashara haki ya peke yake katika eneo fulani la dunia, pamoja na ruhusa ya kujenga ngome, kuajiri askari, kupigana na kufanya mapatano na wenyeji. Fedha zilitoka kwa wanahisa. VOC ilikusanya takriban gilda milioni 6.4 mwaka 1602, na miongoni mwa walionunua hisa walikuwamo hata watumishi wa majumbani. Koloni za mwanzo, kwa hiyo, zilikuwa miradi ya biashara, na kila uamuzi uliofanywa huko ng'ambo ulipimwa kwa daftari la hesabu lililokuwa London au Amsterdam.

Tazameni Virginia, ambayo naona ndiyo inayofundisha zaidi. Kampuni ya Virginia ilipata hati 1606, na Mei 1607 ikateremsha wanaume na wavulana wapatao 104 kwenye kisiwa chenye kinamasi ndani ya Mto James, mahali ambapo maji ya kunywa yalichanganyika na ya chumvi. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Wengi wao walikuwa waungwana wasiowahi kushika jembe, na walitumwa kutafuta dhahabu ambayo haikuwepo. Chakula walikitegemea kwa Wapowhatan, wenyeji wa nchi ile, ama kwa kununua ama kwa kunyang'anya, na uhusiano ulipoharibika walibaki wamefungiwa ndani ya boma lao. Katika kipupwe cha 1609 hadi 1610 walikula farasi, kisha mbwa, kisha panya na ngozi za viatu. Mwaka 2012 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua hapo mifupa ya msichana wa miaka 14 hivi yenye alama za visu, na wakathibitisha kwamba alikuwa ameliwa baada ya kufa. Katika mamia ya watu waliouanza msimu ule, walionusurika walikuwa 60 hivi.

Mradi kama huo ulistahili kufungwa. Ulichookolewa nacho ni tumbaku. John Rolfe alianza kujaribu mbegu za kutoka visiwa vya Karibi mnamo 1612, na kufikia 1617 Virginia ilipeleka Uingereza ratili zipatazo 20,000. Kabla ya muongo uliofuata kwisha, hesabu ilikuwa imevuka milioni moja. Tumbaku huichosha ardhi na huhitaji mikono mingi, kwa hiyo kampuni ikahitaji vitu viwili kwa pamoja: mashamba mapya na watu wapya. Mwaka 1618 ikaja na mpango ambao, kwa maoni yangu, ndio ulioijaza nchi ile. Kila aliyelipa nauli yake mwenyewe alipewa ekari 50, na aliyelipa nauli ya mtu mwingine alipewa ekari 50 kwa kila kichwa alichokileta. Mwenye fedha kidogo akaweza kuwaleta vijana maskini wa Uingereza waliofunga mkataba wa kumtumikia kwa miaka minne hadi saba, na yeye akapata ardhi juu yao. Kampuni haikusahau kwamba watu wasio na familia hurudi kwao. Mwaka 1620 ilipeleka wasichana wapatao 90, na kila aliyemwoa mmoja wao alitakiwa kuilipa kampuni ratili 120 za tumbaku kama gharama ya safari. Mwaka uliotangulia, 1619, mambo mawili yalitokea katika majira yale yale ya kiangazi: baraza la wawakilishi wa walowezi lilikutana kwa mara ya kwanza, na merikebu iliyoitwa White Lion ilishusha Waafrika ishirini na ushei walioporwa kutoka merikebu ya Wareno iliyotoka Angola, wakabadilishwa kwa chakula. Uhuru wa hawa na utumwa wa wale viliingia kwa bandari moja.

Kaskazini zaidi hali ilikuwa nyingine. Abiria 102 wa Mayflower waliofika Plymouth 1620, na wale Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, wapatao elfu moja waliofika Massachusetts 1630 kwa merikebu 11, walikwenda na wake zao, watoto wao na wahubiri wao. Nusu ya watu wa Mayflower walikufa katika kipupwe cha kwanza, lakini hali ya hewa ya huko haikuwa na homa za Virginia, na kufikia 1640 watu wapatao 20,000 walikuwa wamehamia. Familia huzaana, na kijiji kikijaa watoto huzaa kijiji kingine.

Kwa nini Waholanzi hawakufanya vivyo hivyo? Kwa sababu kwao kulikuwa kuzuri. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na watu waliokuwa wakiongezeka haraka, mashamba ya ushirika yakizungushiwa uzio na matajiri, ujira ukipungua thamani, na watu wa madhehebu yasiyotakiwa wakisumbuliwa. Uholanzi ilikuwa na kazi na ujira mzuri kuliko karibu nchi zote za Ulaya, na mtu hakufuatwafuatwa sana kwa ajili ya dini; hata hao wa Mayflower, kundi lao kuu liliwahi kuishi Leiden zaidi ya miaka kumi. Nani ataacha mji kama huo akafyeke msitu? VOC ilipeleka Asia karibu watu milioni moja katika miaka yake 200 hivi, na sehemu kubwa walikuwa Wajerumani na watu wa nchi za kaskazini, waliofunga mkataba wa miaka kadhaa wakiwa na nia ya kurudi. Wengi hawakurudi kwa sababu walikufa. Kufa na kulowea si mamoja.

Nahodha wa Matondoni, Lamu

Mwalimu amesema ya nchi kavu, nami niseme ya baharini, kwa sababu swali la kwanza la ndugu yetu wa Langoni jibu lake ni pepo.

Sisi tuliokulia majahazini twajua kwamba pwani hii ilijengwa na kaskazi na kusi. Kaskazi humleta mtu kutoka Uarabuni na India, kusi humrudisha, na anayechelewa hungoja. Wareno walipofika waliuingia mpango huo huo: walikata kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 kwa siku 23 hivi kwa sababu walipewa rubani na walivuka katika majira yake. Kwa hiyo waliihitaji pwani hii kama kituo, na ndiyo maana wakaing'ang'ania.

Waholanzi walianza kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1607 na tena 1608 waliuzingira mji wa Msumbiji, ambao ulikuwa kituo kikuu cha Wareno, wakashindwa mara zote mbili kuivunja ngome ya São Sebastião. Lau wangeushika, huenda leo tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine. Lakini mwaka 1611 nahodha wao Hendrik Brouwer alijaribu jambo ambalo lilibadilisha kila kitu. Badala ya kupanda kaskazini baada ya kuizunguka Rasi, aliteremka kusini zaidi hadi akazikuta zile pepo kali za magharibi zinazovuma mwaka mzima bila kukatika, akaziachia tanga moja kwa moja kuelekea mashariki kwa maelfu ya maili, kisha ndipo akageuza kichwa kaskazini kuelekea Java. Safari iliyokuwa ikichukua karibu mwaka mzima kutoka Uholanzi aliimaliza kwa muda usiozidi miezi sita. Miaka michache baadaye kampuni iliwaamuru manahodha wake wote kuifuata njia hiyo. Tangu siku hiyo merikebu za VOC zinazokwenda Batavia hazikuwa na haja ya kaskazi wala kusi, wala maji ya Lamu, wala rubani wa Malindi. Walichohitaji ni mahali pamoja pa kupumzika katikati ya safari, nako ni Rasi.

Hapo ndipo panapoeleza 1652. Jan van Riebeeck alifika Rasi tarehe 6 Aprili mwaka huo na amri ya kupanda bustani, si ya kuanzisha nchi. Mabaharia walikuwa wakifa kwa kiseyeye, ufizi ukioza na meno yakidondoka, na kampuni ilitaka mboga, matunda, maji na nyama mbichi ziwe tayari kila merikebu inapotia nanga. Bustani ile ipo hadi leo katikati ya jiji la Cape Town.

Waingereza kwa upande wao waliendelea kupita upande wetu, kwa kuwa soko lao kubwa lilikuwa Surat, India, na si Java. James Lancaster alitia nanga Unguja mwishoni mwa 1591 na kukaa miezi kadhaa, hata kabla kampuni haijaundwa. Baadaye merikebu zao zilipitia mlango wa bahari wa Msumbiji na kutua Nzwani, katika visiwa vya Ngazija, kuchukua maji, mbuzi na machungwa. Nzwani iliwatosha. Kulikuwa na sultani aliyewapokea vizuri, bei zilijulikana, na hapakuwa na Mreno. Kwa nini wapigane kwa ajili ya Pate au Lamu, ilhali pembe za ndovu za pwani hii waliweza kuzinunua Surat kwa Wabaniani waliozifuata wenyewe? Wareno nao walikuwa bado Mombasa, na walipotolewa 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, aliyewatoa alikuwa Imamu wa Oman, ambaye hakuwa na nia ya kumwachia mtu mwingine nafasi.

Binti Mkomani, Lamu

Shikamoo, Nahodha. Nimeyapokea ya pepo na ya ujira, lakini naona katika maelezo yote mawili wenyeji wa nchi wanapita pembeni kama kwamba walikuwa wapangaji. Koloni halikui kwenye nchi yenye watu mpaka jambo fulani liwapate watu hao, na wanafunzi wa Langoni wanastahili kuelezwa jambo lenyewe.

Kule Plymouth, walowezi walijenga juu ya kijiji cha Patuxet, ambacho wakaazi wake walikuwa wamefyekwa na maradhi yaliyoletwa na merikebu za Ulaya kati ya 1616 na 1619. Mashamba yalikuwa yamekwisha kufyekwa; waliokuwa wakiyalima ndio hawakuwepo. Virginia, Wapowhatan walipoona tumbaku inakula ardhi yao mwaka baada ya mwaka, waliwashambulia walowezi Machi 1622 na kuwaua 347 kwa siku moja, yaani takriban robo yao. Walowezi walilipiza kwa miaka kumi, wakiteketeza mahindi wakati wa mavuno. Mfalme aliifuta hati ya kampuni mwaka 1624, na kati ya maelfu waliokuwa wamepelekwa huko waliokuwa hai walikuwa 1,200 hivi tu. Tumbaku, hata hivyo, haikusimama.

Waholanzi tunaambiwa hawakulowea. Hebu tuwaulize watu wa Banda. Visiwa hivyo vidogo vilivyo mashariki ya Indonesia ndivyo pekee duniani, zama zile, vilivyozaa kungumanga na basibasi. Wenyeji waliendelea kuwauzia Waingereza, Wajava na yeyote aliyeleta mchele na nguo, na VOC ikaona huo ni uvunjaji wa mapatano. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, yule yule aliyeijenga Batavia, alishuka na jeshi lililokuwa na askari wa kukodi wa Kijapani, akawakata vichwa wazee wa visiwa, na watu wapatao 15,000 wakabaki elfu moja hivi. Wengine waliuawa, wengine walikufa njaa milimani, wengine walichukuliwa utumwani. Ardhi ikagawanywa katika mashamba 68 ya mikungumanga, yakapewa Wazungu waliokuwa watumishi wa kampuni, na watumwa wakaletwa kutoka kwingine kuyalima. Hiyo ni koloni la walowezi kwa kila kipimo, ila lilikuwa dogo kwa sababu visiwa ni vidogo.

Rasi nayo haikubaki bustani. Mwaka 1657 kampuni iliwaachilia watumishi wake tisa wawe wakulima huru, kwa kuwa bustani haikutosha na nyama ya kununua kwa Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa Rasi, haikupatikana kila walipoitaka. Watu tisa tu. Lakini ardhi waliyopewa kando ya Mto Liesbeek ilikuwa malisho ya Wakhoikhoi, na mwaka 1659 vita vikazuka. Katika mazungumzo ya amani mwaka uliofuata, wazee wa Kikhoikhoi walimuuliza van Riebeeck kama wao wangeruhusiwa kufanya hivyo lau wangekwenda Uholanzi. Yeye mwenyewe aliliandika swali hilo katika shajara yake, na jibu lake lilikuwa kwamba nchi imekwisha kupotea kwa vita. Kisha akapanda ua wa milozi mwitu kuzunguka makazi ili ng'ombe na wenyewe wabaki nje. Sehemu za ua huo bado zimesimama katika bustani ya Kirstenbosch. Watumwa walianza kuletwa kwa wingi 1658, kwanza kutoka Angola na Guinea, kisha Madagaska, India, visiwa vya Indonesia na hata Msumbiji. Ndui ya 1713 iliwamaliza Wakhoikhoi wengi waliobaki karibu na Rasi.

Na kwa kuwa tuko Lamu, niongeze hili. VOC iliitumia Rasi kama gereza la viongozi wa Kiislamu waliowasumbua kule mashariki. Sheikh Yusuf wa Makassar aliletwa 1694 pamoja na watu wake 49, akawekwa shambani Zandvliet mbali na mji ili asionane na watumwa. Walimfuata huko huko, naye akafariki 1699. Uislamu wa Cape Town ulianzia kwa wafungwa na watumwa wa kampuni.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Dada yetu wa Mkomani amesema kweli, na hilo la Patuxet sikulitaja. Sitakubaliana naye jambo moja tu: Banda na Massachusetts siwezi kuziweka kapu moja. Banda kampuni iliua kwa makusudi na kwa hesabu ili ishike bei ya kungumanga. Massachusetts maradhi yalitangulia, na walowezi wakayashukuru kama rehema ya Mungu. Matokeo kwa mwenyeji yalifanana, lakini mwanafunzi akitaka kueleza kwa nini koloni moja lilikua na jingine halikukua, tofauti hiyo ina maana.

Nahodha amenikumbusha pia kwamba si kila jaribio lilifaulu. Mwaka 1645 Waingereza wapatao 140 walishuka ghuba ya St. Augustine, kusini magharibi mwa Madagaska, wakiamini wametua kwenye nchi ya maziwa na asali. Homa, njaa na ugomvi na wenyeji viliwamaliza, na mwaka uliofuata waliobaki walipanda merikebu wakaondoka. Nchi yenye watu walio imara na homa isiyowadhuru wao bali wageni haikulowewa kirahisi, na pwani yetu ilikuwa nchi ya namna hiyo.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote. Limebaki la Manhattan, ambalo wanafunzi hulipenda kwa sababu ya kile kisa cha kisiwa kilichonunuliwa kwa bei ya kutupa. Waholanzi walikipotezaje? Na je, kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa) iliyokuja kwetu mwaka 1888 ilikuwa ya ukoo huo huo?

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Manhattan haikuwa ya VOC bali ya kampuni ya pili ya Kiholanzi, ile ya West India, iliyoundwa 1621 hasa kwa ajili ya kupigana na Hispania na kupora merikebu zake. Mawazo yake yalikuwa Brazili, kwenye sukari, na pwani ya Afrika Magharibi, ambako iliwanyang'anya Wareno ngome ya Elmina mwaka 1637. Mto Hudson, unaopita kando ya Manhattan, ulikuwa kwake duka la ngozi za biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia za matajiri wa Ulaya. Mwaka 1624 ilipeleka familia zipatazo 30, nyingi zikiwa za Wawalloni wanaosema Kifaransa. Mwaka 1626 ikaandikwa barua Amsterdam kwamba kisiwa kimenunuliwa kwa gilda 60; bidhaa zilizotolewa hazikutajwa katika barua, na wenyeji waliozipokea yaelekea walielewa kwamba wanaruhusu watu kutumia ardhi pamoja nao, si kuhama milele.

Mwaka 1629 kampuni ilitangaza kwamba atakayepeleka watu wazima 50 katika miaka minne atapewa ardhi kubwa mtoni pamoja na mamlaka ya kuwahukumu wakaazi wake. Linganisha na ekari 50 za Virginia. Mmoja alimwambia mtu mdogo njoo uwe na shamba lako; mwingine alimwambia njoo uwe mpangaji wa bwana. Katika mashamba yale makubwa, ni lile la Rensselaerswijck pekee lililosimama kwa muda mrefu. Hadi 1639 biashara ya ngozi ilikuwa ya kampuni peke yake, kisha mkuu wao Willem Kieft akawaingiza katika vita vya kikatili na wenyeji, 1643 hadi 1645, vilivyowakimbiza wakulima. Padri mmoja aliyepita hapo 1643 aliambiwa kwamba lugha 18 zilisemwa mjini, jambo linaloonyesha kwamba Waholanzi wenyewe walikuwa hawaji.

Kufikia 1664 koloni zima halikuzidi watu 10,000, wakati New England ya Kiingereza (Massachusetts, Plymouth na jirani zao) iliyokuwa jirani ilivuka 30,000, na wakulima wake walikuwa wamekwisha kuingia Long Island bila kumwomba mtu ruhusa. Merikebu nne za Kiingereza zilipotokea, Peter Stuyvesant, mkuu wa koloni wakati huo, alitaka kupigana, lakini wakaazi wakamwandikia barua ya kumsihi asalimu amri. Baruti ilikuwa haba, na masharti yalikuwa mazuri: kila mtu abaki na mali yake na ibada yake. Mji ukachukuliwa bila risasi kupigwa.

Sehemu inayowashangaza wanafunzi ni ya mapatano ya Breda, 1667. Waholanzi walikubali Waingereza wabaki na Manhattan, nao wakabaki na Suriname yenye sukari, pamoja na Run, kisiwa kidogo cha Banda ambacho Waingereza walikuwa wakikidai tangu 1616. Kwa hesabu ya siku ile walidhani wamepata faida, na hesabu haikuwa ya kipumbavu. Kungumanga zilikuwa fedha taslimu.

Wakili wa Barani, Malindi

Kuhusu IBEA, jibu ni ndiyo, ukoo ni ule ule. Ilikuwa kampuni ya wanahisa yenye hati ya kifalme, iliyopewa Septemba 1888, na ilikuja juu ya mkataba ambao Sultan Barghash wa Unguja alikuwa ameutoa 1887 wa kusimamia pwani na forodha zake kwa miaka 50. Lamu yenyewe iliingizwa katika mgogoro huo. Wajerumani waliokuwa Witu tangu 1885 walidai kwamba forodha ya Lamu wameahidiwa wao, shauri likapelekwa kwa mwamuzi kutoka Ubelgiji, Baron Lambermont, naye Agosti 1889 akaamua kwamba Wajerumani hawakuwa na haki iliyotangulia na Sultani yuko huru kumpa amtakaye. Akapewa IBEA.

Mwisho wake pia ulifanana na ule wa Kampuni ya Virginia. Gharama za bara, hasa Uganda, zilizidi mapato ya forodha, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake. Kampuni ililipwa £250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo zilitoka kwa Sultani wa Unguja.

Walowezi walikuja baada ya kampuni kuondoka, wakapita pwani bila kutua, kama walivyopita wale wa Brouwer, ila hawa walipanda treni. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya 1902 iliruhusu wageni kukodishiwa ardhi ya nyanda za juu kwa miaka 99, na ya 1915 ikaifanya 999. Mwalimu wa Langoni anaweza kuwapa wanafunzi mpango wa Virginia wa 1618 na sheria hizo mbili wazisome kwa pamoja. Wataona serikali ya kikoloni ikitoa chambo kile kile. Huku pwani ilikuja sheria nyingine, ya 1908, iliyomtaka kila mwenye ardhi awasilishe madai yake mbele ya msajili ndani ya muda uliowekwa. Matajiri wa Malindi na Lamu waliokuwa na hati na mashahidi walisajili. Wamijikenda walioshikilia ardhi kwa ukoo hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Mfalme. Kesi nyingi za uskwota zinazosikilizwa Malindi hadi leo zinaanzia kwenye usajili huo.